Mapigo Mia Mbili na Kumi na Mbili

4 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu tulipigiana kelele robo saa nzima, na ulipokata ulikuwa umeelewa kwamba nimefiwa. Ilibidi nimwombe jirani yako apande ngazi kukuambia kwamba hakuna aliyekufa. Basi masikio yako yapumzike, na koo langu nalo lipumzike.

Mimi mzima, ila nimechoka. Tangu wanihamishie kwenye maktaba ya sauti ya redio nimeshaingiza mikanda elfu moja na mia mbili kwenye kompyuta, na iliyobaki ni mara mbili ya hiyo. Chumba hakina dirisha. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, tone moja kila sekunde tatu, na kwa ugonjwa huu wa kazi nimeshalipima: mapigo ishirini kwa dakika. Kila mkanda una kadi yake ya kujazwa: wimbo, wapigaji, muda, kasi, ufunguo, hali ya sauti. Kompyuta inapima, mimi nahakikisha kwa masikio, mkuu wangu anatia sahihi bila kusoma.

Jumanne nikaufikia mkanda wa marehemu Baba. Ule wimbo wa jazi ambao hata watoto wa shule wanaupiga kwa midomo. Nilidhani nitalia, kumbe nikajaza kadi tu. Muda: dakika tano na sekunde arobaini. Kasi: mapigo 212 kwa dakika. Ufunguo: B. Hali ya sauti: tarumbeta linang'aa kupita kiasi, ngoma kavu, besi nyembamba, mvumo wa umeme chini kwa chini. Hapo kwenye mvumo ndipo nilipokwama. Wewe mwenyewe ulinifundisha, nikiwa msichana, kwamba umeme wetu unavuma mara hamsini kwa sekunde, na kwamba nikitaka kujua kama mkanda unasema kweli niache muziki nisikilize mvumo. Huu unavuma hamsini na tatu. Maana yake mkanda unakimbia. Baba hakupiga 212, alipiga 200. Wala hakupiga kwenye B, ufunguo ambao wapiga tarumbeta wote wanaukimbia. Alipiga nusu toni chini, kwenye B flati, ambako vidole vinajiendea vyenyewe.

Lebo ya kasha ina mwandiko wako, kwa hiyo wewe ndiye wa kuulizwa.

Ingekuwa kadi peke yake nisingekusumbua. Shida ni mdogo wangu Kipenga. Tarehe 20 Juni maktaba inafunguliwa rasmi, naye ameombwa asimame mbele ya watu apige kile kipande cha tarumbeta cha Baba katika wimbo ule, noti kwa noti, kasi ile ile, ufunguo ule ule. Ana miaka arobaini na tatu na amekuwa akikipigania tangu ujana wake. Siku hizi anajifungia chumbani saa sita kwa siku. Midomo imevimba, chai anakunywa kwa pembe ya mdomo. Ameapa kwamba akishindwa safari hii anaacha kabisa, na mtu huyu hana kazi nyingine anayoijua duniani. Nilimgusia habari ya mvumo, akanitolea macho: "Kompyuta yako haina midomo, dada." Mimi hanisikii. Wewe ulikuwepo siku ile, wewe atakusikia. Niandikie mistari miwili tu: mkanda unakimbia, au haukimbii.

Ni mimi binti yako,
wa mikanda

17 Machi

Mama Maswali,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Hujaacha. Ulipokuwa na miaka saba uliniuliza sauti inakwenda wapi redio ikizimwa, nikaifungua redio kukuonyesha mpaka chakula kikapoa.

Huku ni magoti tu. Ghorofa ya tatu niliichagua nikiwa kijana, kwa sababu ya upepo. Sasa nikishuka kununua mkate najiuliza kwanza kama kweli nina njaa. Masikio ndiyo hivyo tena, la kushoto limekufa, la kulia linachagua.

Habari ya mkanda. Siku ile umeme ulikatika, tukawasha jenereta, na jenereta lile lilikuwa na akili zake, mara linakimbia, mara linakohoa. Mvumo wa jenereta si wa kuuamini. Mambo ya zamani hayo, mwanangu, vyombo vyenyewe tulikuwa tunavifunga kwa kamba. Andika 212, andika B, mkuu wako atie sahihi. Kaka alikuwa wa moto siku ile, watu wote waliona.

Kipenga mwambie akande midomo kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, asizidishe. Na ale. Wapulizaji wakianza kukondeana huwa nawaogopa.

Baba yako mdogo,
fundi mitambo mstaafu

29 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nimesafisha mashine, nimevaa hedifoni, nimeusikiliza mkanda ule siku mbili nzima. Chini ya mvumo wa hamsini na tatu kuna mwingine, hafifu sana, wa hamsini kamili. Mivumo miwili ni mashine mbili. Mkanda uliomo kwenye kasha si ule wa siku ya kurekodi. Ni nakala, na aliyenakili aliuongezea mwendo mkanda wa kwanza huku wa pili ukienda kawaida. Jenereta halifanyi hivyo, linalofanya hivyo ni mkono wa mtu.

Tena kuna besi. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatoa E, na hauwezi kushuka zaidi ya hapo. Kwenye mkanda huu mpiga besi anauacha wazi mara tisa, unalia kwa raha zake, na unatoa F. Nimempigia mkanda huu mpiga besi mmoja wa hapa redioni, akacheka, akasema labda lilikuwa besi la mtoto.

Baba Mdogo, sikukamati. Umri wangu umeenda, sina nguvu za kumkamata mtu. Jana nilimpelekea Kipenga chakula. Alinifungulia mlango na kitambaa mdomoni, kitambaa kina damu. Akasema si kitu. Mkewe amehamia kwa dada yake mpaka tarehe 20 ipite, maana sehemu ile ya katikati, pale Baba anapopanda bila kuvuta pumzi, ameisikia mpaka anaiota. Kwenye ukuta Kipenga amebandika karatasi, ameandika 212 kwa wino mwekundu.

Anataka kuwa kama baba yake, na baba yake hakuwa hivyo. Nipe karatasi yenye mwandiko wako nimpelekee. Nani aliugusa mkanda?

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Nilijitia hamnazo, nikasema barua imepotea njiani, kisha nikaiona pale pale juu ya meza kila nikila.

Haya, mimi ndiye niliyeugusa. Umefurahi? Santuri za wakati ule upande mmoja haukuwa na nafasi kubwa. Tulipiga dakika sita, wenye kiwanda wakataka pungufu. Ama tukate kipande, ama tuongeze mwendo kidogo. Nikaongeza mwendo. Mafundi wote walifanya hivyo, hakuna dhambi hapo. Kazi ni kazi.

Lakini usimpe Kipenga barua hii kabla ya tarehe 20. Nakuomba. Watu wanaupenda wimbo ule ulivyo. Wanampenda kaka alivyo ndani yake. Ukitoka leo ukasema alikuwa anapiga kwenye B flati kama mwanafunzi yeyote, wale wanaoandika magazetini watamla nyama marehemu. Mwache alale. Nimechoka na mambo haya, mwanangu, nimechoka nayo tangu hujaanza kazi.

Baba yako mdogo

2 Mei

Baba Mdogo,

Santuri yenyewe ninayo mkononi. Upande wa pili una wimbo mmoja wa dakika sita na sekunde ishirini. Nafasi ilikuwepo.

Naomba usinifanye niandike barua nyingine ya namna hii. Nikikuandikia najiona kama askari, na nikirudi nyumbani sipati usingizi. Mtu hadanganyi mara mbili kwa ajili ya dakika sita. Kuna kitu unakilinda na sijui ni nini, ila najua kinalindwa kwa midomo ya mdogo wangu.

Nusu ya ukweli siwezi kumpelekea. Ataona kwamba ni nusu, atasema umesingiziwa. Mazoezi na bendi nzima yanaanza tarehe 8, na mkuu wa bendi amemwambia hataki mchezo, kasi ni ile ya santuri. Tafadhali. Ukishindwa kuandika, niambie nije. Nitaomba ruhusa.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Usije. Ukija nitashindwa kusema, nitaanza kukuchekesha. Kaa chini usome.

Juma lile la kurekodi kaka alikuwa na meno mawili ya mbele yanayotikisika. Aliyaficha. Mpiga tarumbeta meno ya mbele yakilegea, mdomo hauna pa kuegemea. Alikuja studio amechoka, uso umemshuka, akapiga polepole kuliko walivyofanya mazoezi. Akapiga vizuri, mwanangu. Nataka ulijue hilo. Kila noti ilikuwa na mahali pake. Lakini kiongozi wa bendi, ambaye hakuwepo wakati wa kurekodi, alipousikia mkanda alisema mbele ya wote, "Huyu mzee amekuwa mzito, tafuteni kijana tuurudie Alhamisi." Kaka alikuwa na miaka thelathini na minane. Nyinyi wawili mlikuwa mnalala kitanda kimoja, mmoja kichwani mmoja miguuni, na mama yenu alikuwa anaumwa.

Nikaingia chumba cha kunakili, nikafunga mlango. Ndani ya mashine kuna kichuma kinachozunguka kuvuta mkanda. Nikakizungushia selotepu, mizunguko miwili mitatu, kikanenepa kiasi cha ukucha, mkanda ukaanza kwenda mbio. Nikanakili. Nikamwita kiongozi, nikamwambia hii ndiyo mara ya pili waliyopiga, ile ya kwanza ilikuwa ya kupashia moto. Akasikiliza, akapiga paja. "Hapo sasa! Si ndiyo huyu tunayemjua!" Ule mkanda wa kweli niliufuta siku ile ile, nikarekodia taarifa ya habari juu yake.

Kaka alikuwa amesimama kwenye ujia, mlango wazi. Alisikia nusu toni ile mara moja, wewe unayajua masikio yake. Akasema, "Ahsante, mdogo wangu." Hatukulizungumza tena mpaka anakufa.

Mimi nilijiona shujaa. Santuri ikatoka, ikapendwa, kaka akabaki kwenye bendi. Kumbe nilikuwa nimemfungia mlango. Kila ukumbi walioingia watu walitaka ule wimbo, na walitaka vile vile walivyousikia. Alijaribu. Nilimwona akijaribu, jasho linamtoka kabla hajaanza. Alipiga miaka miwili akiwa mbele ya watu waliokuja kumfananisha na yeye mwenyewe, na kila mara akawa mdogo kuliko yeye. Akaweka tarumbeta chini. Nyinyi aliwaambia ameacha ili awalee baada ya mama yenu kufariki, nawe umebeba hilo maisha yako yote, uliwahi kuniambia ulipokuwa shule, kwamba laiti msingekuwepo angefika mbali. Nilikusikia nikanyamaza. Haikuwa nyinyi. Ilikuwa mimi na selotepu yangu.

Nilimpenda kaka yangu, sikujua njia nyingine. Mpelekee Kipenga karatasi hii leo hii. Mwambie abandue ile ya wino mwekundu. Apige 200, apige kwenye B flati, na kama mkuu wa bendi ana neno aje anione, ghorofa ya tatu.

Baba yako mdogo

10 Mei

Baba Mdogo,

Naandika haraka. Jana kwenye mazoezi Kipenga alifika pale katikati, akapanda, na mdomo wa juu ukachanika. Wanasema aliendelea kupiga, wenzake wakadhani damu ni mate. Ameshonwa nyuzi tano. Daktari amesema msuli wenyewe ndio umekatika, wala si ngozi peke yake, na kwamba kupona atapona, lakini kupuliza ni jambo la kusubiri na kuona.

Tarehe 20 watapiga santuri.

Sitakuuliza tena. Kadi nimeiacha wazi. Kula vizuri, shika ukuta ukishuka ngazi.

Binti yako

19 Mei

Baba Mdogo,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako ilifika siku tatu baada ya mimi kuposti. Niliisomea kwenye korido ya hospitali, nimesimama, nikaikunja, nikaifungua, nikaisoma tena. Nilitaka kukukasirikia, nikakosa pa kuanzia. Nilipofika pale kwenye habari ya mimi na shule nilikaa chini sakafuni na nesi akaniletea maji.

Nimempa aisome mwenyewe. Hawezi kuongea kwa sababu ya nyuzi, anaandika kwenye daftari. Aliandika: "Nisikie." Nikampeleka maktabani, nikaupunguza mkanda mpaka mvumo ukakaa kwenye hamsini, tukausikiliza. Sitakueleza uso wake. Ameandika kwamba atakuandikia mwenyewe.

Kadi nimeijaza. Kasi 200, ufunguo B flati, na hali ya sauti nimeandika jinsi mkanda ulivyonakiliwa na kwa nini mwendo umerekebishwa. Jina la fundi nimeliacha. Mkuu wangu ametia sahihi bila kusoma.

Binti yako

30 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijawahi kukuandikia barua, nisamehe mwandiko. Dada ndiye mwenye mkono mzuri.

Nyuzi zimetolewa juzi. Bado siruhusiwi hata kupiga mluzi. Nalala mchana, naamka, nalala tena. Mke wangu amerudi, anasema nyumba imekuwa kimya mpaka inamtisha. Nimeulizwa na watu wa redio kama nimevunjika moyo, nikatikisa kichwa. Sikujua nitikise namna gani.

Dada anasema nikuandikie kwamba nimekusamehe. Sijafika huko, na sitaki kukudanganya, kwani tumeshadanganyana vya kutosha katika ukoo huu. Nina jambo moja tu, na nakuambia wewe kwa sababu aliyebaki wa kuambiwa ni wewe.

Tuliposikiliza ule mkanda uliopunguzwa niliutambua. Simaanishi wimbo, maana wimbo naujua. Namaanisha ule mwendo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimejifunza kipande kile kwa kusikiliza santuri nyumba ya rafiki, kisha nikarudi nyumbani kukitafuta peke yangu. Vidole vyangu vilikwenda B flati vyenyewe, sikujua kwamba nimekosea ufunguo. Kasi nilishika ile iliyonijia. Nikakipiga chote, mwanzo mpaka mwisho, sebuleni, bila kosa hata moja, nikivuta pumzi pale ambapo ilikuwa rahisi kuvuta. Nimepima sasa kwa kumbukumbu, nikigonga mezani: ni mia mbili, au karibu sana.

Baba alikuwa kwenye kiti chake na gazeti. Aliliweka chini. Alisimama mlangoni ananiangalia mpaka nikamaliza noti ya mwisho. Akafungua mdomo, nikajua anataka kusema kitu. Halafu akageuka, akatoka nje, hakurudi mpaka tulipokwisha kula.

Mimi wakati ule nilijua nimemtia aibu. Kesho yake nikaazima kile kidude cha kupima mapigo, nikakilinganisha na santuri mpaka kikafika 212, nikaanza upya.

Mwanao